Ndege ya Plastiki Kwenye Meza Yangu

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yetu ya maketi, haya majengo madogo ya kadibodi na mbao ambayo wahandisi huwaonyesha wateja kabla ya jengo lenyewe kuanza. Mlisema mnataka "mambo ya zamani". Nadhani mlitaka niwaeleze tulivyokuwa tukikata madirisha kwa wembe kabla ya mashine zenu kuja. Nitaeleza. Lakini miaka yangu ya kwanza kazini ilikuwa 1990 hadi 1994, hapa hapa Kigali, na siwezi kueleza wembe nikayaacha mengine. Asiyetaka kuyasoma arudi kwenye kompyuta yake, sitakasirika.

Nilizaliwa mtaa wa Rwezamenyo, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kazi hii sikuisomea, na wakati ule hapakuwa na mahali pa kuisomea. Mwanzoni mwa 1990 ofisi moja ya wahandisi mjini ilimwagiza baba mifuniko ya kitambaa ya kukinga maketi zao na vumbi, nami nikatumwa kwenda kuchukua vipimo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Karakana ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Ndani alikuwamo mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anabandika ngazi za jengo refu kama kidole changu. Hakuinua kichwa. Nikapima, nikatandaza karatasi kwenye pembe ya meza yake, nikakata kielelezo kwa mkasi. Hapo ndipo aliponitazama.

"Nani alikufundisha kukata?"

"Baba yangu."

"Bila kuandika mustari?"

"Mstari nauona tu, Muzee."

Alichukua karatasi yangu, akaiwekea rula ya chuma, akairudisha. Nilipofika mlangoni ndipo aliposema, "Jumatatu uje. Saa moja asubuhi. Mimi sipendi mutu wa kuchelewa."

Huyo ndiye Muzee Athanase. Alizaliwa kusini, akajifunza useremala kwa mapadri Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake alikiokota huko huko. Aliishi mtaa wa Gikondo na mkewe na binti yao mmoja, Solange, aliyekuwa sekondari. Kila kitu ninachokijua cha kazi hii, mbali na vile mlivyonifundisha ninyi kwa uvumilivu wenu wa kujionyesha, nilikipata kwake.

Wiki tatu za kwanza nilikata miraba tu. Miraba ya kadibodi, ya sentimita moja, mamia kwa mamia. Alikuwa akiipanga mmoja juu ya mwingine, na mnara ukipinda anaumwaga kwenye ndoo. "Anza tena." Alinifundisha kubadilisha wembe kila asubuhi, kwa sababu wembe butu hauendi unakotaka, nao ndio unaokata vidole. Alinifundisha kuweka gundi kwa ncha ya sindano wala si kwa mrija. Alinifundisha kubana pumzi ninapokata kona. Tabia hiyo ninayo hadi leo. Mume wangu akinikuta nimebana pumzi jikoni huniuliza kama ninamkasirikia.

Mkuu wa ofisi alikuwa mhandisi kutoka Ulaya. Sote tulimwita Patron. Alikuwa mtu mpole, anasalimia kila mtu kwa jina, anauliza hali ya watoto. Mwezi wa nane mwaka ule alirudi kutoka likizo kwao na boksi la ndege ya kuunganisha. Mfano wake ulikuwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa ameinunua aijenge mwenyewe, maana utotoni alijenga nyingi. Lakini macho yake yalikuwa yamechoka na vidole vyake vimekuwa vinene. Akaileta karakana.

"Athanase, nijengee hii niiweke ofisini kwangu. Kwa wakati wako, hakuna haraka."

Muzee alifungua boksi, akatazama, akalisukuma kwangu. "Hii utafanya wewe. Ukimaliza bila alama ya gundi hata moja, basi wewe iko fundi. Ukiweka alama, unarudi kwa miraba."

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Ndani ya boksi mlikuwa na vijiti vya plastiki ya kijivu, na juu ya vijiti hivyo vipande vya ndege vimening'inia kama matunda: nusu mbili za bodi, mabawa, magurudumu madogo kuliko punje ya mchele, kiti cha rubani, hata usukani wake. Kila kipande kilikuwa na namba. Palikuwa na karatasi kubwa ya maelekezo kwa Kiingereza, yenye michoro ya ndege ikiwa imetawanywa vipande vipande, na nyuma yake ndege ile ile imechorwa kutoka juu, kutoka chini na kutoka ubavuni, na mishale ya kuonyesha rangi. Sisi wawili hatukujua Kiingereza. Tulisoma namba.

Niliijenga baada ya saa za kazi na wakati wa mapumziko ya mchana. Nawaambieni jinsi, maana bado yanafaa. Kipande usikivunje kwa mkono, kikate na kikata kucha, ukiacha kidogo, kisha msasa laini wenye maji. Gundi ya plastiki haigandishi, inayeyusha; ukizidisha, kipande kinakuwa uji. Kifuniko cha kioo juu ya kichwa cha rubani usikiguse kabisa na gundi hiyo, kwa sababu mvuke wake unakitia ukungu usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya watoto wa shule. Mabawa ya ndege ile hayakulala sawa, yalipanda kidogo kuelekea ncha. Muzee alinikatia vipande viwili vya kadibodi vya urefu mmoja, nikaegemeza kila ncha kwenye chake usiku kucha ikauke. Bawa la kushoto likazidi kwa unene wa karatasi. Hakuna mwingine ambaye angeliona. Alilibandua.

"Muzee, hata Patron hataona."

"Ndege itaona."

Mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa nimeshapaka rangi, kahawia na kijani juu, samawati nyepesi chini, matabaka mawili membamba badala ya moja zito. Zilibaki zile alama za duara za kwenye mabawa, ambazo unazilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, zinateleza kutoka kwenye karatasi yake na kushika. Niliweka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama juu ya ndege kwa muda mrefu.

"Miraba imekwisha," akasema. Hiyo ndiyo shahada yangu. Nyingine sina.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini, mpakani na Uganda. Siku chache baadaye risasi zililia mjini mpaka alfajiri, na kulipokucha watu wakaanza kukamatwa. Waliwaita ibyitso, yaani washirika wa adui. Walikamatwa majumbani, makazini, njiani. Aliyekuwa na ndugu Uganda alikamatwa. Aliyekuwa na jirani mwenye kinyongo alikamatwa pia. Wengi walirundikwa kwenye uwanja wa mpira wa Nyamirambo, karibu na kwetu. Tulipita pembeni ya ukuta tukasikia sauti ya watu wengi waliokaa chini, sauti isiyofanana na ya siku za mechi.

Muzee Athanase alikuwa na dada yake Uganda, aliyekimbilia huko zamani na kumwandikia barua kila Krismasi. Na kitambulisho chake kilikuwa na neno la kabila ambalo siku zile lilitosha peke yake kumkamatisha mtu. Changu kilikuwa na neno jingine. Tulikaa meza moja miezi tisa na hatukuwahi kulizungumza.

Walikuja ofisini asubuhi, watu wanne, wawili kati yao wenye bunduki. Nani aliwaita, sijui mpaka leo. Nina jina moja moyoni, lakini sina ushahidi, na nimeona ushahidi usio na maana unachoweza kumfanyia mtu. Walianza na makabati ya ramani. Patron alikuwa nao, anawaeleza kwa utulivu kwamba ile ni michoro ya barabara ya serikali, ile ni ya shule, hii hapa barua yenye mhuri. Kila alichokieleza walikiacha. Mgeni alikuwa akisikilizwa.

Ndipo wakaingia karakana. Ndege ilikuwa kwenye meza yangu, juu ya vipande viwili vya kadibodi, na karatasi ya michoro imebandikwa ukutani mbele yake.

Mkubwa wao aliitazama ndege, akatazama karatasi. "Kiingereza," alisema kwa Kinyarwanda, maana ndiyo lugha ya kule Uganda walikotoka wavamizi. Akafuatisha michoro kwa kidole, juu, chini, ubavuni. "Nani anajifunza ndege hapa? Nani anasoma Kiingereza?"

Akanigeukia mimi, kwa kuwa meza ilikuwa yangu.

"Hii ni ya nani?"

Patron alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilimtazama. Nilidhani atasema. Lilikuwa neno moja tu, na kwake yeye halikuwa na hatari yoyote. Wangecheka, wangempa mkono. Lakini alikuwa anatazama sakafu, mahali palipokuwa na vipande vya plastiki nilivyosahau kufagia.

"Nimekuuliza, binti. Ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya Patron. Ningeweza kusema ni yangu, mimi ndiye niliyeijenga. Nilimwogopa Patron kama mtu anavyomwogopa mwenye kazi yake, na niliziogopa zile bunduki kama mtu yeyote. Katika watu wote waliokuwamo mle chumbani alikuwapo mmoja tu nisiyemwogopa. Nikasema, "Ni ya Muzee."

Yule mkubwa akamgeukia Athanase. "Ni yako?"

Muzee alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne kama alivyokuwa akiikunja kila jioni.

"Ndiyo," akasema. "Ni yangu."

Wakamchukua yeye, ndege, na karatasi. Mmoja wa wale askari aliibeba ndege kwa uangalifu mkubwa, mkono chini ya kila bawa. Boksi lilibaki chini ya meza, hawakuliona.

Mchana ule ule nililipeleka boksi kwa Patron. Nje lilikuwa na picha ya ndege, na pembeni kuna kibandiko cha duka la kwao alikolinunulia, kwa lugha yao. "Patron, liko hapa. Uandike barua tu, kwamba ni mchezo na ni wako. Nitaipeleka mimi."

Alinikaribisha kiti. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Zaina, unaelewa, ofisi hii iko hapa kwa ruhusa ya serikali. Nikianza kuandika barua juu ya mtu mmoja, watauliza juu ya wote. Tusubiri, hali itatulia. Athanase ni mtu mwema, wataona wenyewe."

Nilimrudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne alikuwa amesafiri. Basi nikalifunga boksi kwenye kitenge, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ambako tuliambiwa majalada ya waliokamatwa yanashughulikiwa. Nilisubiri siku mbili kwenye benchi. Siku ya tatu karani mmoja aliniita ndani. Niliweka boksi mezani kwake, nikamwonyesha picha, nikamwonyesha kibandiko. Nilimwambia ni mchezo, ni wa mzungu, na niliyeujenga ni mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali.

"Dada, tunajua ni mchezo."

"Mnajua?"

"Kila mtu anaona ni mchezo. Mkubwa aliipeleka kwake, mwanawe anaipenda sana. Juzi bawa lilivunjika, akaniuliza kama najua gundi inayofaa." Alitazama boksi. "Hiyo gundi imo humo ndani?"

Nilijua nimeshindwa pale pale. Nilikuwa nimekuja kuwathibitishia jambo walilolijua tangu siku ya kwanza. Mtu alikuwa amelala kwenye sementi kwa sababu ya kitu ambacho mtoto alikuwa anarusha sebuleni. Nilifunga kitenge changu nikatoka. Gundi sikumpa. Ndicho kitendo pekee cha ushujaa nilichokifanya mwaka ule.

Walimwachia mwaka uliofuata, wakati wa mvua kubwa, pamoja na wengine wengi, bila kesi na bila maelezo. Aliingia karakana saa moja kamili asubuhi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alivaa aproni, akakaa, akachukua wembe, wembe ukaanguka. Akauokota, ukaanguka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunji tena. Hakusema walimfanya nini, nasi hatukuuliza. Tulikuwa tumekuwa hodari sana wa kutouliza.

"Sawa," akasema. "Mikono itakuwa ya kwako. Macho itakuwa ya kwangu. Shika kisu."

Tulifanya kazi hivyo miaka mitatu. Alikaa kushoto kwangu kwenye kiti kirefu, akaniongoza kwa maneno: polepole, vuta, usisukume, pumua sasa. Tulitengeneza soko, shule mbili, kanisa, na nyumba ya tajiri mmoja aliyetaka bwawa la kuogelea lipakwe rangi ya bluu kuliko maji yoyote duniani. Kazi yangu bora yote ni ya miaka ile. Watu waliona mikono yangu wakaisifu, na yeye alifurahi wakiisifu.

Nilijaribu kumwomba radhi mara nyingi. Kila nilipoanza, "Muzee, siku ile," aliniwekea kazi nyingine mbele yangu. Mara moja tu alinijibu. Ofisi ilikuwa imepewa kuchora upanuzi wa gereza, na tulikuwa tunatengeneza maketi yake, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, si kwa sababu ya kuta. Yeye alizijua kuta zile, ndimo alimofungwa. Mara nyingine alinyoosha kidole chake kilichokauka, akasema, "Hapa mulango iko chini zaidi, unainama." Nilikata alivyosema. Mteja alitaka tuweke sanamu za watu wachache ukumbini, ili ukubwa wa chumba uonekane. Nilikuwa nimezipanga sita, zimesimama kwa nafasi kama watu wanaongoja basi.

"Weka wote," akasema Muzee.

"Wote wangapi?"

"Weka mpaka wewe huoni sakafu tena."

Niliweka kibano chini. "Muzee, nisamehe. Siku ile nilipaswa kusema ni yangu."

Alichukua sanamu moja kwa mkono wa kushoto, akaitazama.

"Siku ile wewe uliogopa. Mimi pia niliogopa. Hiyo ni kitu ya watu, haina shida. Patron yeye hakuogopa kitu. Alikuwa anatazama tu chini, anangoja ipite. Hiyo ndiyo inanikula." Kisha akanisogezea kibano. "Endelea."

Sikuongeza, niliziacha zile zile sita. Wateja walikuja, wakaisifu maketi, wakapiga picha.

Tangu atoke gerezani jina lake lilikuwa limebadilika kwao Gikondo. Nilikwenda mara mbili kumsalimia mkewe akiwa mgonjwa, na mara zote mbili niliwasikia vijana wa kilabuni wakimwita, kwa kicheko, "Wa ndege." Mkewe alinikaribisha kama binti yake. Nilikunywa chai yake. Hakujua ni nani aliyesema nini asubuhi ile, na nilielewa kwamba Muzee hakumweleza.

Kuhusu mwezi wa nne 1994 sina mengi ya kuandika ambayo hamjayasikia nyumbani kwenu. Patron na wageni wengine waliondolewa siku za mwanzo kwa magari ya kijeshi. Mimi nilikuwa Rwezamenyo na wazazi wangu, na katika majuma yale sikufika Gikondo. Wengine mtaani kwetu walificha watu darini, wakawalisha, wakakanusha mbele ya mapanga. Baba yangu alificha familia moja nyuma ya vitambaa vyake. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo, nilipika, nilichota maji. Sitaki mtu aniandikie hilo kama sifa.

Muzee Athanase na mkewe waliuawa wiki ya kwanza. Walikuja na orodha, na majina ya waliofungwa 1990 ndiyo yaliyokuwa juu. Haya nilielezwa baadaye na jirani yao, mama mmoja aliyeyashuhudia kutoka kwenye ua wake. Hawakuita Athanase. Walisimama langoni wakaita, "Wa ndege, toka." Akatoka.

Solange alinusurika. Siku ile alikuwa kwa watawa aliokuwa akisoma kwao, na wao walimficha mpaka mwisho.

Mwishoni mwa mwaka Patron alirudi. Karakana ilikuwa tupu, hata fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa, nami nilikuwa nafagia. Alinikumbatia, akalia, na nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Aliuliza habari za kila mtu kwa jina, kama kawaida yake, nami nikamjibu mmoja mmoja: huyu yuko, huyu hayuko. Nilipofika kwa Athanase alifunika uso kwa mikono. Akatembea chumbani, akagusa meza, akatazama ukuta. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta lolote la kusema, "Na ile ndege yangu, hawakuirudisha?"

Ndege yangu. Ilimchukua miaka minne kulisema. Nilimwambia, "Patron, neno hilo lilihitajika hapa hapa, asubuhi moja, mwezi wa kumi." Akaniuliza ninamaanisha nini. Sidhani alikuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kweli, na mpaka leo hilo linanitia hasira kuliko kama angekumbuka. Nilimpa ufagio, nikatoka nje. Mkitaka kujua, alifagia.

Jumapili ile nilikwenda kwa Solange. Shangazi yake, yule wa barua za Krismasi, alikuwa amerudi kutoka Uganda, na waliishi wawili kwenye nyumba ndogo Remera. Alikuwa na miaka ishirini sasa. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akangoja nimpe pole kama wengine.

"Solange, wewe unajua kwa nini walimkamata baba yako mara ile ya kwanza?"

"Kwa ajili ya barua za shangazi. Na ile ndege."

"Ndege haikuwa yake. Ilikuwa ya Patron. Mimi ndiye niliyeijenga. Waliniuliza ni ya nani, Patron akiwa pale amenyamaza, nikasema ni ya baba yako."

Hakusogea. Shangazi yake alisimama mlangoni na sahani mkononi, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Na yeye alijibu nini?" Solange akauliza.

"Alisema ndiyo. Alisema ni yake."

"Kwa sababu gani?"

"Nadhani alijua kwamba akikana, wangenirudia mimi."

Alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri ya baba yake, macho yameelekea kwenye mikono.

"Basi alikuokoa wewe," alisema, "akatuacha sisi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo kwenye rula. Jibu lake nimelitafuta miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo, hata siku nilizofundisha wengine yale aliyonifundisha baba yake. Nilikunywa chai mpaka ikaisha, kwa sababu kuiacha kungekuwa ni kuongeza tusi. Nilipeleka kikombe uani, nikakiosha, nikakipindua kikauke. Solange alinifungulia mlango, nikatoka. Kesho yake saa moja kamili nilikuwa kazini.